Gofu ya diski njia ya Kipushi: vikapu 9 na kichuguu kimoja

Uwanja huu uko ndani ya shamba la familia moja, njia ya Kipushi, mbali kidogo na kelele za Lubumbashi. Nimecheza hapo mara nne, mara mbili nikiwa na yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na kila mara tumerudi nyumbani tukibishana kuhusu kikapu cha 4.

Kwa asiyeujua mchezo: unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka kiingie kikapuni. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Sasa hicho kikapu cha 4. Wamekisimika juu ya kichuguu. Sisi wa Katanga tunavijua vichuguu vyetu, vingine vinapita paa la nyumba, na waliopanga uwanja walikuwa na akili ya kutokibomoa. Umbali ni mita kama 70 tu. Ukirusha kwa pupa, diski inapita juu na kuteremka upande wa pili, nawe unabaki huko chini ukitazama nusu ya kikapu. Ukirusha kwa woga, inagonga udongo na kubingirika kurudi ulikotoka. Nimemaliza pale kwa mitupo 3 mara moja, siku niliyokubali kutua kwanza chini, karibu na mti wa mupundu, kisha nikapandisha kwa mtupo mfupi. Yaya ana mkono mzito kuliko wangu. Alilenga kikapu moja kwa moja, akamaliza na 6. Mimi uwanja naupimia hapo: je, unanilazimisha kufikiri kabla sijatumia nguvu?

Njia zake pia zinapinda pande zote mbili. Ukirusha kwa mkono wa kulia, mkono ukitokea kifuani, diski ikipungua mwendo hukatia kushoto. Uwanja wenye kona za kushoto tupu unakubeba, na mwenzako wa mkono wa kushoto anateseka mchana kutwa. Hapa kikapu cha 2 na cha 6 viko kulia, nyuma ya miti ya miombo, na matawi yamekatwa kiasi cha kukuachia mlango wa kupitisha diski. Ukigonga mti, unajua kosa ni lako.

Vikapu vyenyewe vimeundwa na fundi wa kuchomelea vyuma wa hapa mjini. Ni imara, ila minyororo ni michache. Kikapu cha minyororo alikibuni Ed Headrick huko California miaka ya 1970, na kazi ya minyororo ni kumeza mwendo wa diski ili ianguke ndani. Ikiwa michache, mtupo mzuri unapenya katikati na kutokea nyuma. Ilinipata mara mbili siku moja, na iliniuma. Waongeze, tafadhali.

Kinachonisumbua zaidi ni kikapu cha 7. Njia yake inakatiza kijia cha watu wanaosukuma baiskeli za makala (mkaa), na pale kwenye kona huwaoni mpaka wamefika. Diski ina gramu 170 hivi na ukingo mgumu; ikimpiga mtu usoni ni jeraha. Nimemwomba papa mwenye shamba asogeze mahali pa kuanzia hadi ng'ambo ya kijia. Amekubali, na mara ya mwisho nilikuta tayari ameweka mawe ya alama.

Mahali pa kuanzia pote ni udongo mwekundu uliosawazishwa. Kiangazi hamna tatizo. Mvua zikianza Novemba, mguu unateleza wakati wa kuzunguka, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno.

Nyasi nazo hurefuka hadi magotini. Andika namba ya simu nyuma ya diski yako. Yangu ya njano ilipotea karibu na kikapu cha 8, na siku tatu baadaye mama mmoja muuza makala akanipigia, akaniambia nipite sokoni kwake niichukue.