Bakuli la Kuimba la Nepal: Ligonge Mara Moja, Kisha Liache

Karibuni tena. Mezani leo kuna bakuli la kuimba, lile la metali linalotoa sauti ndefu ukiligonga au kulisugua, lililofuliwa kwa nyundo, limetoka Bonde la Kathmandu, Nepal, kipenyo sentimita 12. Boksi na kimto chake mmeshaviona kwa wengine, naviruka. Vaeni vya masikioni tafadhali, spika ya simu inameza sauti ya chini, na hiyo ndiyo tunayoilipia.

Nagonga mara moja... sikilizeni... bado... bado ipo. Mmesikia inavyovimba na kunywea, wuu, wuu, wuu? Bakuli la nyundo halina duara kamili, kwa hiyo ukuta wake unatoa sauti mbili zinazokaribiana mno. Zikienda pamoja inavimba, zikipingana inanywea. Jamani, napenda hapa! Lifuate wimbi hilo mpaka ufike mahali hujui kama bado unasikia au unakumbuka tu. Asubuhi kabla ya kufungua simu, mara tatu, basi. Upatu wa ngomani unataka upigwe mfululizo. Hili linataka uliache limalize.

Tazameni kiganja changu: kimenyooka, bakuli limekaa juu tu. Sasa navikunja vidole vishike ukuta... tk. Imekufa. Kosa la kwanza la kila mtu ni hilo. La pili, kugonga ukingo kwa mbao tupu. Gonga ubavuni, chini kidogo ya ukingo, kwa upande wenye ngozi wa mchi, kile kijiti cha kugongea na kusugulia.

Kusugua sasa. Mchi usimame wima, ugandamize ukutani, mkono wote uzunguke polepole. Sikieni nikiongeza mwendo: trrrr! Ukuta unatikisika kwa nguvu, unautupa mchi. Usiache, punguza mwendo, kandamiza zaidi. Na huu mchi waliouweka ni mwepesi mno, umeniudhi kweli, unarukaruka hata ukienda taratibu. Tafuteni mzito, uliovikwa ngozi, ndio unaoitoa sauti nene. Mbao tupu huleta ile nyembamba ya juu.

Muuzaji akikwambia limetengenezwa kwa "metali saba", muulize bei ya bakuli, si ya hadithi. Yaliyopimwa maabara yameonekana kuwa shaba na bati kwa sehemu kubwa, shaba kama sehemu nne kwa moja ya bati. Mchanganyiko huo unaimba sana lakini huvunjika kirahisi: ukiliangusha sakafuni linaweza kupata ufa, na ufa unasikika kama nzi ndani ya sauti. Kabla ya kulipa, ligonge pande nne. Yale ya mashine yenye michoro ya kung'aa mara nyingi ni shaba na zinki, sauti yake inakatika upesi. Kwa kutuliza akili hayafai, hata yakiwa nusu bei.

Ya kufuliwa huuzwa sana kwa uzito, kwa hiyo ombeni mzani. Video ijayo ni bakuli la kwatzi, madini yanayofanana na kioo, lile jeupe. Bonyezeni kengele, na mniandikie mnataka nililinganishe na hili kwa kugonga au kwa kusugua.