Uzoefu wangu na seti ya rilei ya kuchaji betri ya ziada kwenye gari la malazi

Seti niliyoinunua ina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30, soketi yake, fyuzi mbili na waya. Kazi yake ni kuunganisha betri kuu na betri ya ziada injini inapowaka, kisha kuzitenganisha inapozimwa, ili friji na taa za ndani zisije zikaimaliza betri ya kuwashia gari. Kutenganisha inatenganisha vizuri, sina neno. Lalamiko langu liko upande wa kuchaji.

Baada ya muda, betri ya ziada ilianza kubaki nusu hata baada ya safari ndefu, ilhali rilei ilisikika wazi ikigonga kila injini ilipowashwa. Wengi wakiusikia mlio huo huiondolea rilei lawama na kuanza kuishuku betri. Mlio unathibitisha tu kwamba koili, yaani sumaku ya umeme inayoivuta swichi ya rilei, iliyo kati ya pini 85 na 86, inapata umeme na ethi yake ni nzima. Hausemi lolote kuhusu mkondo mkubwa unaoingilia pini 30 na kutokea pini 87.

Nilipoufungua waya kwenye betri ya ziada na kuupima bila mzigo, ulionyesha volti 14.2 sawa na betri kuu, kipimo ambacho kingemridhisha mtu mwenye haraka. Nilipourudisha na kuwasha friji, betri ya ziada ilipata volti 12.9 tu. Basi nikaifuata njia ya umeme kiungo kwa kiungo, ncha moja ya multimita ikiwa kabla ya kiungo na nyingine baada yake. Fyuzi zilipoteza kidogo sana, na kontakti za ndani ya rilei vilevile, lakini kati ya pini 87 na waya wake zilipotea volti 0.9. Mkondo ukifika ampea 20, hasara hiyo ni wati 18 za joto kwenye kibati cha kubania waya kilicho kidogo kuliko ukucha, na kweli plastiki ya soketi mahali hapo ilikuwa imegeuka kahawia. Waya ulichomoka kwa kuvutwa kidogo: kiwandani walikuwa wamebana nyuzi chache tu za shaba, nyingine zikaachwa nje.

Niliweka soketi mpya, nikabana kibati kwa koleo lake maalumu, na volti zikapanda hadi 13.9. Hata hivyo, ampea 30 naziona chache, kwa sababu betri kubwa iliyoisha sana inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Rilei ya ampea 70 yenye boliti ingefaa zaidi. Karatasi ya maelekezo nayo inaelekeza pini 86 iungwe kwenye swichi ya ufunguo, ingawa waya wa D+ wa alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ni bora, kwani huipa koili umeme alteneta inapochaji tu.

Mwenye gari ambalo kompyuta yake hushusha volti za alteneta asiinunue seti hii kabisa. Atafute chaja inayopandisha volti kutoka betri kuu kwenda ya ziada.