Lenzi ya kubana kwenye simu: kichwa na bawa la mdudu sawa, ncha ya tumbo hapana

Kwa elfu kumi na tano, lenzi hii ni mali. Ila usiinunue kwa maneno ya boksi. Boksi linadai inakuza mara mia, hesabu ambayo anaijua mwenyewe aliyeliandika. Ndani kuna lenzi tatu na ya kazi ni moja, ile ndogo ya kukuza. Nyingine mbili wape watoto wachezee.

Nimeipata kwenye vibanda vya vifaa vya simu karibu na Jamatini, hapa Dodoma. Nafundisha baiolojia, darubini yetu ni moja kwa darasa zima, na huku Nkuhungu msimu wa mvua mbu hatuwatafuti, wanatufuata wenyewe.

Mlaze mbu aliyekufa kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, kisha sogeza simu taratibu mpaka picha itulie. Anza na kichwa. Anopheles (mbu wa malaria) jike ana vipapasio viwili vya mdomoni vyenye urefu sawa na mrija wa kunyonyea, utadhani ana mirija mitatu. Culex, mbu wa kawaida wa majumbani, jike vyake ni vifupi, vinaishia mwanzoni tu mwa mrija. Dume wa yeyote kati yao utamjua kwa antena zilizojaa manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Halafu nenda kwenye bawa: Anopheles wetu wengi wana mabaka meusi na meupe ukingo wa mbele. Yote hayo yanaonekana. Kidato cha pili walianza kubishana wenyewe, mimi nimekaa pembeni.

Kasoro kubwa ni kwamba ukilipata jicho, bawa linaingia ukungu. Ukilipata bawa, jicho limepotea. Kwa hiyo piga vipandevipande: kichwa kutoka juu, bawa likiwa limelala, tumbo kutoka ubavuni.

Mdogo wangu yuko Sheffield, Uingereza, na ana lenzi ya aina hiihii. Januari akanipigia: "Kaka, mbona hata huku kuna mbu, na baridi yote hii?" Ameona kundi linapanda na kushuka hewani kwenye kijua cha mchana. Picha ya kwanza ya WhatsApp haikufaa kitu. Nikamwambia atume kama faili, WhatsApp isiipunguze ubora. Hapo nikaona vijicho vitatu vidogo utosini, katikati ya macho makubwa. Wale wadudu wa miguu mirefu wa jamii ya Tipula, ambao watu huwaita mbu wakubwa, hawana hivyo vijicho. Kwenye bawa, mshipa wa mwisho upande wa nyuma ulikuwa mfupi, umejikunja ghafla kwenda ukingoni. Basi, Trichocera, wadudu wa majira ya baridi wanaofanana na mbu. Hawaumi, wala malaria haiwahusu, na mikusanyiko ile ya angani ni ya madume.

Akataka na spishi. Hapo lenzi ikagoma. Spishi moja, Trichocera maculipennis, angejulikana kwa madoa ya bawani, lakini mabawa ya huyu yalikuwa safi. Kwa wengi waliobaki inabidi uchunguze vibanio vya dume vya kumshikia jike, kwenye ncha ya tumbo, na picha ilileta kibonge cha kahawia tu. Hiyo ni kazi ya darubini halisi. Wala siilaumu sana lenzi: hata huku kwetu, Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis huwezi kuwatenganisha kwa kuwatazama, mpaka DNA ipimwe.

Mengine ni madogo. Kibanio cha lenzi hakishiki simu yenye kava nene, livue. Vumbi la Dodoma linaganda kwenye kioo, na ukifuta kwa shati umekwaruza, puliza kwanza. Simu ya kamera tatu, bana kwenye ile kuu, la sivyo utapata duara jeusi. Na ukichukua mbili, yule kijana wa kibandani anashuka hadi elfu kumi na mbili kwa moja, ila anza kwa kumtajia kumi.