TAHADHARI: Huyu "Mtumishi" wa safari za Makanisa Saba ni tapeli. Alituonyesha Samo akasema ni Patmo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Tangu turudi kutoka Uturuki, kwenye safari ya yale Makanisa Saba ya kitabu cha Ufunuo, nimenyamaza kwa sababu Mama Mchungaji alituomba tusiaibishe usharika. Lakini jana nimeona bango lake jipya linazunguka kwenye magrupu: suti ile ile ya kijivu, picha ile ile ya nguzo za Efeso, safari hii anauza "Nyayo za Paulo: Filipi, Athene na Korintho", anataka kianzio kabla ya Pasaka. Basi, nasema. Kundi la Jumatano mnajua alivyotufikia na nani alimleta, sirudii hayo.

Nianze na kinachoniuma zaidi, kile cha boti.

Tulikuwa Kuşadası, mji wa bandari jirani na Efeso. Asubuhi ile akamtoza kila mmoja euro 60 za "boti ya Patmo", pale pale gatini, taslimu, bila risiti. Tulihoji, maana Patmo ilikuwa ndani ya ile milioni nane na nusu tuliyolipa Dar. Akajibu kwamba ile ilikuwa ya ratiba, hii ni ya mafuta. Tukatoa. Boti ya mbao, viti vya plastiki, bendera ya Uturuki nyuma, nahodha anavuta sigara hata hatutazami. Bahari shwari. Tukaenda mpaka milima ya kisiwa ikaonekana vizuri, kijani kilichokolea chini, kijivu juu, vinyumba vyeupe vimejibanza pwani. Injini ikapunguzwa. Ndipo akasimama mbele, Biblia mkononi, akasema kwa ile sauti yake mnayoijua: "Vueni viatu."

Tukavua. Watu wazima, wengine na soksi zao za kubana za ndegeni, tumesimama peku juu ya mbao zilizolowa maji ya chumvi. Akasema boti haziruhusiwi kutia nanga kwa sababu za kiusalama, ila kuiona inatosha, kwani hata Musa aliiona nchi kwa mbali. Akasoma Ufunuo 1:9, pale Yohana anaposema alikuwa katika kisiwa kiitwacho Patmo. Dada yetu wa sauti ya kwanza akaanzisha pambio. Mzee wetu, mnamjua, yule asiyelia hata msibani, alilia akishika chuma cha boti. Na mimi nililia mpaka mtandio ukalowa. Nikawapigia wanangu kwa video: "Kile pale, kisiwa cha Yohana!" Wakapiga picha ya skrini, wakaweka kwenye status, shangazi yao wa Moshi akajibu kwa mioyo kumi. Kisha kofia ikapita, sadaka ya Patmo. Baada ya kofia zikaja chupa ndogo za kizibo zenye udongo wa pangoni, euro 15 kila moja. Nilinunua. Nyingine nilimnunulia mama yangu, mjane, anayeisoma Ufunuo kila Kwaresima.

Aliyetufumbua macho ni kijana aliyekuwa anagawa chai. Alimuuliza mmoja wetu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwa nini kina mama wanalia, kuna msiba? Tukamwambia ni kwa sababu ya Patmo. Akashangaa. Akanyoosha kidole kisiwani: "Samos." Patmo je? Akapunga mkono kuelekea nyuma ya milima, mbali huko. Tukamgeukia Mtumishi. Akasema, bila hata kupepesa, kwamba huyu ni Mwislamu, hawezi kujua mambo ya Biblia. Kijana kazaliwa pale, baba yake mvuvi pale!

Usiku hotelini tukafungua ramani kwenye simu. Ni Samo. Ndiyo inayoonekana kutoka Kuşadası siku yoyote ya jua, huhitaji hata boti. Patmo iko kusini zaidi, hata haionekani. Na kinachonitia uchungu ni kwamba Samo nayo imo kwenye Biblia, Matendo 20:15, Paulo alipita hapo akielekea Mileto. Angetuambia ukweli tungeimba vilevile na tungeshukuru vilevile. Lakini udongo wa Samo haumpi euro 15, na sina uhakika kama hata ni wa Samo.

Sikilizeni, haikuwezekana kufika Patmo tangu mwanzo. Patmo ni Ugiriki. Bila viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, hukanyagi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Pasipoti zetu zote zilipita mkononi mwake, viza za Uturuki alizishughulikia yeye. Alijua siku ile anatuonyesha kwenye projekta picha za Pango la Ufunuo na ile monasteri ya Mtakatifu Yohana iliyoanzishwa 1088, akisema "mtaingia humu kwa miguu yenu". Alijua!

Najua wapo wanaosema tulikuwa wajinga. Hebu mngekuwa ninyi. Huyu mtu aliwapeleka watu Israeli kabla ya vita vya Oktoba 2023, wakarudi na shuhuda, wawili wao ni wazee wa kanisa. Makanisa yote saba anayataja bila karatasi pamoja na majina ya miji ya leo: Smirna ni Izmir, Pergamo ni Bergama, Thiatira ni Akhisar, Sardi ni Sart, Filadelfia ni Alaşehir, Laodikia iko karibu na Denizli. Barua yake ina mhuri. Kwenye bango kuna picha yake na askofu (sasa tunajua ni picha ya kwenye harusi ya mtu). Na lililonimaliza mimi: mama mmoja wa kundi letu aliugua kabla ya safari, akamrudishia kianzio chake chote ndani ya wiki, akampigia na simu ya kumwombea. Nani angemshuku mtu anayerudisha hela? Leo naelewa ile ilikuwa chambo, alirudisha moja akavuna zetu zote.

Halafu kulikuwa na Nikea. Mwaka 2025 ulikuwa wa 1700 tangu Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa 325, na sisi Imani ya Nikea tunaikiri, kwa hiyo aliposema tutasimama İznik, ndiyo Nikea ya leo, kwenye ziwa ambalo magofu ya basilika yalikuwa chini ya maji, watu walijiandikisha siku hiyo hiyo. Tulipofika akasema İznik imefungwa, wanajiandaa kumpokea Papa. Hiyo ilikuwa Oktoba. Papa Leo alifika İznik tarehe 28 Novemba. Mji mzima ufungwe mwezi mzima? Ukweli ni kwamba kutoka Izmir ni mwendo wa saa nyingi za basi, na hakuwa na hela ya dizeli.

Sasa hayo makanisa saba. Smirna tulilala tu, hoteli Izmir, picha kwenye mnara wa saa, akaweka tiki. Agora ya Smirna ya kale iko humo humo mjini, hatukuiona. Pergamo alisema hakuna haja, kile "kiti cha enzi cha Shetani" Wajerumani walishakihamishia Berlin. Hapo ndipo ujanja wake ulipo, kwa sababu ni kweli madhabahu ya Zeu ipo Berlin, na wengi wanadhani ndiyo kile kiti cha Ufunuo 2:13. Lakini mlima upo, msingi wa madhabahu upo, ukumbi wa michezo ulioning'inia kwenye mteremko upo, watu wanapanda kwa kigari cha kamba. Thiatira, mji wa Lidia muuza rangi ya zambarau, alisema umebaki maduka matupu. Upo, nguzo zake zimezungushiwa uzio katikati ya Akhisar. Filadelfia na Sardi eti ukarabati. Haya yote nimeyajua baadaye kutoka kwa kijana wetu anayesoma Izmir, mtoto wa jirani yenu pale Kimara, ambaye alitufuata hotelini siku ya mwisho na karibu azabe mtu kofi.

Muda wa Sardi na Filadelfia ulikwenda wapi? Kwenye duka la mazulia. Halafu la makoti ya ngozi. Halafu la dhahabu. Mnaingia, mlango unafungwa nyuma yenu, mnaketishwa ukutani, chai ya tufaha inapita, vijana wanakunjua zulia juu ya zulia mpaka mnaona aibu kutoka bila kununua. Yeye hakukaa nasi. Alikuwa ofisini na mwenye duka, na mara moja mlango ulipofunguka nilimuona anahesabu noti. Cha juu chake hicho. Mama Mchungaji alitoka na zulia ambalo mpaka leo hajamwambia baba bei yake.

Efeso tulifika, siwezi kusema uongo, na Laodikia pia. Laodikia hata alihubiri vizuri, pale kwenye mabomba ya kale ya maji yaliyoziba kwa chokaa, kuhusu lile neno la Ufunuo kwamba walikuwa vuguvugu. Lakini Efeso! Tulishushwa geti la juu, tukakimbizwa kwenye barabara ya marumaru kama mbuzi wa mnada, picha mbele ya Maktaba ya Celsus, picha mbele ya ukumbi mkubwa wa michezo ambamo watu walipiga kelele "Artemi wa Waefeso ni mkuu", basi, nje. Hata kukaa kwenye ngazi za ukumbi hatukukaa. Kaburi la Mtume Yohana kwa mapokeo liko Selçuk, kilomita chache tu, kwenye magofu ya basilika ya Kaisari Justiniani. Tulilipita kwa basi! Aliyetuuzia Patmo ya uongo alitupitisha mbele ya Yohana mwenyewe bila kusimama, kwa sababu tulikuwa tumechelewa makoti ya ngozi. Nje ya geti la chini kuna kibao cha duka kinachosema waziwazi saa zao ni feki halisi. Wale angalau wanakwambia. Na Demetrio mfua fedha wa Matendo 19 alikuwa muungwana kuliko huyu, alikiri mbele ya mafundi wenzake kwamba utajiri wao unatokana na kazi ile ya vihekalu vya fedha vya Artemi.

Tuliporudi tulidai. Kwanza akasema ratiba inaweza kubadilika, imeandikwa chini. Kisha akasema safari ilikuwa ya kiroho, tumeona kwa imani. Kisha akazima simu. Kituoni nimekwenda, nikaambiwa hili ni la madai, nende mahakamani. Sawa, tutakwenda. Lakini mimi nataka zaidi ya hela. Nataka asimame madhabahuni Jumapili, ibada ya kwanza na ya pili, mbele ya yule mzee, aseme lile jina la kisiwa kwa mdomo wake. Nataka afungwe. Nataka kila usharika uliowahi kumpa kipaza sauti umnyang'anye. Wanaosema tumwachie Mungu, Mungu atakuwa na zamu yake, sisi tuna yetu.

Mnaouliza tungemjuaje: kijana wa Izmir anasema Uturuki wakala wa utalii lazima awe mwanachama wa TÜRSAB, chama cha mawakala wa kule, na ana namba ya leseni, iulize na uihakiki. Muongozaji lazima awe na kitambulisho cha shingoni chenye picha. Sisi hatukuwa naye, na kila Mtumishi alipomuona mtu wa namna hiyo Efeso alinyamaza ghafla, tukadhani anaomba. Tiketi ya ndege, msikubali zile herufi sita za kuhifadhi nafasi, daini namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Malipo yasiende kwa namba ya simu ya mtu. Ukiona Patmo, Korintho au Athene kwenye bango na hakuna neno Schengen, kimbia. Na wale wanaouza "sarafu za Kaisari" kwenye magofu, kama ni feki umeibiwa, kama ni za kweli unafungwa wewe, sheria yao ya malikale ya 1983 haina mchezo. Mmoja wetu alikaguliwa begi uwanjani kwa ajili ya hizo, akatoka jasho mpaka kwenye viatu. Zilikuwa feki, Mungu ni mwema.

Waliokwisha kumlipa kianzio cha Korintho, pigieni mtandao wenu wa simu leo muone kama muamala unaweza kuzuiwa, msisubiri kesho. Wenye risiti, iwe za safari yetu au hii mpya, njooni nazo Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tunazipeleka zote kwa wakili kwa pamoja. Na mwenye zile chupa za udongo asizitupe, wakili anazitaka.