Porsche Taycan Turbo S: torki ya kuondokea na torki ya barabarani

Watu wakisikia nimeendesha Taycan Turbo S, gari la umeme la Porsche, swali lao ni lile lile: inaondokaje? Inaondoka vibaya sana. Unakandamiza breki kwa mguu wa kushoto, unazamisha eksileta kwa wa kulia mpaka chini kabisa, unasubiri kioo kikuambie gari liko tayari, halafu unaachia breki. Mdogo wangu alikuwa kiti cha pembeni ananisimulia jambo, sentensi ikakatikia njiani na hakuimalizia tena. Simu iliyokuwa pajani mwake tulikuja kuiokota nyuma. Sekunde 2.8 na tayari uko kilomita 100 kwa saa.

Ninalolizungumzia ni toleo la mwanzo, lililozinduliwa 2019. Toleo la 2024 limeongezewa nguvu zaidi. Kwenye karatasi hili la mwanzo lina torki (nguvu ya kuzungusha magurudumu) ya Nm 1,050, yaani newton-mita, na nguvu za farasi 761, ila hizo 761 ni za muda mfupi wa kuondoka kwa mtindo huo tu. Safari ya kawaida unabaki na 625. Na jina lisikuchanganye, turbo haimo.

Sasa, kuondoka kwa kasi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwa gari la umeme. Mota haihitaji kupandisha mizunguko kama injini ya petroli: mkondo ukiingia tu, torki yote ipo, hata gurudumu likiwa bado limesimama. Shida huanzia mbele. Mota inavyozidi kuzunguka, nayo inazalisha volti zake zinazopingana na zile za betri, kwa hiyo kuanzia mwendo fulani torki inaanza kushuka. Ndiyo maana magari mengi ya umeme yanakutupa mgongoni taa ikiwaka kijani, halafu barabara kuu ukitaka kuovateki lori unaona yamepoa.

Porsche walilijibu hilo kwa giaboksi. Mota ya nyuma ina gia mbili, ya kwanza ikiwa na uwiano wa takriban 15 kwa 1 (mota inazunguka mara 15 gurudumu likizunguka mara moja) na ya pili takriban 8 kwa 1. Ukiwa kwenye hali ya kawaida gari linaondokea gia ya pili na wala hutajua kwamba kuna nyingine. Weka Sport, linaanza na ya kwanza, na unapokanyaga bila huruma kuna mahali utasikia msukumo mdogo kiunoni: gia imebadilika. Wenzangu wengine wanauona huo msukumo kama kasoro. Mimi naupenda, ndiyo mara pekee gari hili linakukumbusha kwamba kuna vyuma vinasagana huko chini. Tesla nao walitaka gia mbili kwenye Roadster yao ya 2008, lakini giaboksi haikuhimili torki ya mota na wakarudi kwenye gia moja. Kwa hiyo giaboksi inayovumilia haya yote bila kelele naipa heshima yake.

Faida yake unaiona katikati, kwenye mwendo wa 80 kwenda 160. Unataka kupita, unakanyaga, umeshapita. Hakuna kungoja.

Kwenye kona ndiko nilikoenda na shaka nyingi. Gari lina kilo 2,295, na betri peke yake inakaribia 630. Porsche 911 Turbo S ya petroli ya mwaka 2020 ina kilo 1,640 na torki ya Nm 800, na bado inafika 100 kwa sekunde 2.7. Fanya hesabu mwenyewe torki yote ile ya ziada imekwenda wapi: imekwenda kubeba betri. Lakini betri iko chini kabisa sakafuni, na kwenye kona ndefu gari linalala kidogo mno kwa uzito wake. Ninachokisifia zaidi ni jinsi torki inavyogawanywa. Ukikanyaga mapema ukitoka kwenye kona, lami ikiwa na unyevu, usukani hautetemeki na mkia hauruki. Kompyuta inapunguza mkondo wa mota kabla tairi halijaanza kuteleza kweli; injini ya petroli haiwezi kutii haraka hivyo. Uzito unaukumbuka kwenye kona za zigizaga, pale unapogeuza kulia wakati gari bado linamalizia kushoto. Hapo hakuna kompyuta itakayokusaidia.

Breki zinastahili neno. Mota zinaweza kurudisha hadi kilowati 265 kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo, kwa hiyo breki zenyewe zinaguswa mara chache. Ukiinua mguu gari linaserereka tu, halijivuti kama mengine ya umeme. Hili ni chaguo lao na ninaliunga mkono: ninayeamua kufunga breki ni mimi.

Joto ndilo huwa linayaumbua magari haya: ukiyaondosha kwa kasi mara nyingi mfululizo, linayapunguzia nguvu. Kabla ya uzinduzi, Taycan ya majaribio iliondoshwa mfululizo mara 26, kutoka 0 hadi 200, na wastani ukabaki chini ya sekunde 10. Kwangu hiyo ina maana kuliko Nm 1,050.

Ile sauti ya bandia ya mwendo ambayo gari hutoa kupitia spika nimeizima.

Ungenipa hela nichague, ningechukua Taycan 4S ya kizazi hicho hicho yenye betri kubwa. Torki yake ni Nm 650, inafika 100 kwa sekunde 4, na giaboksi ya nyuma ni ya gia mbili vile vile. Mwendo wa kupita lori ungebaki naona, na kiasi kitakachookolewa kinanunua tairi kwa muda mrefu. Ukiichukua, omba magurudumu madogo kuliko yale ya inchi 21. Mashimo barabarani hayajui una torki kiasi gani.