Uzoefu wangu na VoLTE: simu inaita, intaneti haikatiki

Nina steshenari Morogoro mjini, na intaneti ya kompyuta za dukani naitoa kwenye simu yangu. Nikisema VoLTE, yaani kupiga simu kwa kupitia mtandao wa 4G wenyewe, imenirahisishia kazi, sina maana ya sauti nzuri peke yake.

Wenye kazi kama yangu mnaijua hali ilivyo msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kijana amekaa mbele yako, cheti cha kuzaliwa kimeshaskaniwa, unapakia, mara simu inaita. Alama ya 4G inageuka H (yaani 3G), pengine E kabisa (2G), na ukurasa unagoma. Watu wanaulaumu mnara, lakini chanzo ni kingine. 4G imejengwa kubeba data tupu. Zile saketi za sauti za 2G na 3G haina. Simu isiyotumia VoLTE ikipigiwa, mtandao unaiamuru ishuke 3G au 2G ikapokee huko, na data inashuka nayo. Ikiangukia 2G, mara nyingi data inasimama mpaka umalize kuongea.

VoLTE inaiacha simu palepale kwenye 4G. Sauti inageuzwa kuwa pakiti za data, na anayezielekeza ni mfumo unaoitwa IMS. Ukiwasha simu, inajiandikisha kwenye IMS kimyakimya, na seva zake zinajua laini yako inapatikana wapi. Ukipiga, zinamtafuta unayempigia, simu mbili zinakubaliana aina ya sauti ya kutumia, kisha mtandao unawafungulia njia maalumu ya maongezi.

Hiyo njia maalumu ndiyo ninayoisifu. Katika viwango vya 3GPP, umoja unaotunga viwango vya mitandao ya simu duniani, maongezi yamepewa daraja namba 1: kasi yake imehakikishwa na muda wa kuchelewa umepangwa milisekunde 100. Kurasa za kawaida za intaneti huwa daraja la 9, milisekunde 300, bila kuhakikishiwa kasi yoyote. Sauti inapita kama ambulansi kwenye foleni ya malori. Simu ya WhatsApp haipati upendeleo huo, inabanana na video na picha za watu wote. Ndiyo maana usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, ya WhatsApp inakatakata na ya VoLTE unaongea vizuri tu. Mimi sasa naongea na mzazi huku fomu ya mwanawe inaendelea kupakia.

Na sauti yenyewe? Simu za zamani zinabeba masafa ya hertzi 300 hadi 3400 tu. VoLTE ikitumia sauti pana ya AMR-WB inafika kuanzia 50 hadi 7000. Kwangu hili si anasa. Mzazi yuko Ifakara ananitajia majina ya mtoto herufi kwa herufi. Kwenye simu ya zamani esi na efu zinafanana, kwa sababu mvumo unaozitofautisha uko juu ya kiwango kinachobebwa. Jina likikosewa herufi moja lisilingane na cheti, huyo mtoto anaanza kuhangaika. Siku hizi nazisikia herufi vizuri, siulizi mara mbilimbili. Kuita nako ni haraka zaidi, kwa sababu simu haihami mtandao kwanza.

Malipo: kwenye laini yangu zinakatwa dakika za kawaida, bando la intaneti haliguswi.

Yanayoniudhi yapo. Sauti pana naipata nikimpigia mtu wa mtandao huohuo, naye awe na VoLTE na yuko kwenye 4G. Nikivuka kwenda mtandao mwingine, sauti inarudi kuwa ileile ya zamani. Mitandao inaweza kuunganisha mifumo yao ya IMS moja kwa moja, na ningependa sana wafanye hivyo, maana wateja wangu wana laini za kila rangi. Pia ukitoka eneo la 4G katikati ya maongezi, simu inahamishiwa 3G au 2G. Mara nyingi haikatiki, ila unaisikia sauti ikififia.

Kubwa zaidi ni simu zenyewe. Kuna simu nzuri ya 4G, hasa hizi zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai, lakini programu yake haina mipangilio ya VoLTE ya mtandao wako. 4G inashika, kupiga inashuka 3G. Kabla hujalipa, weka laini yako humo, washa VoLTE kwenye mipangilio ya laini, halafu piga ukiangalia alama ya 4G: ikibaki, sawa, ikigeuka H, hiyo bado inatumia njia ya zamani. Kwenye Android nyingi unaweza kubonyeza *#*#4636#*#* ukatazame hali ya IMS kama imesajiliwa.

Muuzaji akikwambia haina shida maana 3G ipo, mkumbushe Marekani. Kampuni zao tatu kubwa za simu zilizima 3G mwaka 2022, na kwa AT&T na Verizon simu isiyo na VoLTE haikuweza tena kupiga. India nako, kampuni ya simu ya Jio ilianza biashara Septemba 2016 bila 2G wala 3G, kila simu ikipita VoLTE. Kwa hela ya simu unayotaka ikae nawe miaka, mimi nisingenunua isiyopita jaribio lile la alama ya 4G hata kama kamera yake ni nzuri namna gani.