Nimenunua nyumba ya kale Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar: nyumba naipenda, dalali simsamehe

Nianze na dalali, maana nikianza na nyumba nitaisifu, na hasira zitanishuka kabla sijasema niliyokuja kuyasema.

Siku aliyonitembeza ilikuwa kaskazi, msimu wa joto na ukavu, jua kali, nyumba kavu, kuta zinang'ara rangi nyeupe. Tukapanda mpaka darini, tukateremka, tukasimama katika chumba cha chini kinachopakana na uchochoro. Nikaweka mkono ukutani, nikamuuliza mbele ya mdogo wangu wa kiume: "Ukuta huu umepigwa lipu ya nini?" Akanijibu bila kupepesa macho: "Chokaa, bibi. Chokaa tupu. Nyumba hii haijui simenti."

Swali hilo sikuliuliza kwa kujionyesha. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe la matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi. Jiwe hilo linakunywa maji. Linayanywa ya mvua, linayavuta na ya ardhini pamoja na chumvi yake, wala halidhuriki sana, kwa sababu chokaa iliyolifunika inapumua; jua likitoka, unyevu nao unatoka. Ukilipiga simenti umeliziba pumzi. Maji yanabaki ndani, yanapanda, yanatafuta pa kutokea, na mwisho yanavikuta vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Boriti ni mti wa mkoko, mgumu kweli, lakini ukikaa katika unyevu miaka unaoza kama mti mwingine wowote. Na juu ya boriti hizo kuna dari ya mawe na chokaa, uzito wa kutisha, na juu ya dari wamelala watoto wa watu.

Mji huu ulishuhudia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, likiporomoka ubavu tarehe 25 Disemba 2020, huku mafundi wakiwa kazini, na watu wakapoteza maisha. Baada ya siku ile, anayekudanganya habari ya ukuta Mji Mkongwe anacheza na roho yako.

Mambo mengine ya ununuzi yalikwenda vizuri, siwezi kusema uongo. Tuliulizia kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nyumba haikuwa wakfu. Warithi walitia saini wote, hata yule aliyekuwa Muscat. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, alishuhudia. Wakili wangu alisoma kila karatasi. Na udalali nililipa siku ile ile, wote, bila kuomba kupunguziwa.

Kisha ikaja masika.

Mwanzo lipu ilifura kidogo karibu na sakafu. Mvua ilipokaza ikapasuka, likadondoka pande zima usiku, nikadhani mwizi. Nikamwita fundi mtu mzima aliyezeeka na kazi hizi. Alibandua palipopasuka, akanionyesha: nyeupe ya juu ni rangi tu, chini yake simenti ya kijivu unene wa vidole viwili, mpya, imepigwa muda mfupi kabla ya kuuzwa. Nyuma ya simenti jiwe limelowa chepechepe, linamomonyoka ukiligusa. Akapanda ngazi, akachokoa vichwa vya boriti upande ule, vikatoka unga. Akaniambia, "Mwanangu, chumba cha juu leo usilale." Nikahamisha godoro usiku huo huo.

Kesho yake nikenda kumtafuta dalali. Nilimkuta barazani baada ya alasiri, watu wanakunywa kahawa. Nikasalimu, nikamwomba tuzungumze pembeni kwa sababu sikutaka kumvunjia heshima mbele ya watu. Hakuinuka. Akanijibu kwa sauti ya baraza zima: "Nyumba ushanunua, hati ushachukua, sasa wewe unataka nini tena?" Wakati wa kutafuta udalali nilikuwa "bibi". Sasa nimekuwa "wewe". Nikamkumbusha neno lake la chokaa. Akacheka, akamgeukia aliyekaa naye: "Mwanamke akishika pesa hujifanya mhandisi. Angekuja yule ndugu yake mwanamume tungeelewana."

Ndugu yangu huyo nimemsomesha mimi. Shilingi iliyonunua nyumba ile ni ya kwangu, ya miaka yangu ya kazi, na swali la lipu niliuliza mimi. Lakini kilichoniuma zaidi ya tusi ni kwamba baraza lilijaa watu wazima, wenye mabinti, na aliyesema "Astaghfirullahi" alikuwa mmoja tu. Wengine walitazama vikombe. Wale wote ni majirani zangu, nawasalimia kila siku, na bado sijawasamehe.

Wiki zile ungeniuliza, ningekwambia achana na nyumba za kale. Kanunue kiwanja Fuoni, nje ya mji, piga matofali, weka bati, lala usingizi. Kila kitu hapa kina masharti: ukuta wako mwenyewe huugusi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa kuwa mji umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mizigo haifiki na gari, inakuja kwa mkokoteni au begani. Chokaa nzuri haitaki haraka. Jiwe linachomwa, linazimwa kwa maji, linaachwa lilale, ndipo lishikwe. Fundi alipomaliza kubandua simenti yote aliuacha ukuta uchi ukauke, hataki kusikia habari ya lipu mpaka upepo wa kusi uingie. Nilikaa na ukuta uchi, na vumbi, na magogo yameegemea dari yasiiachie ianguke. Nililia sana.

Na bado, nikisema leo kwamba ninajuta nitakuwa namdhulumu mwenye kuijenga nyumba ile. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita tatu hivi, lakini ni virefu mpaka mtoto anaweza kukimbia ndani. Katikati kuna ua, uko wazi mbinguni, unavuta joto juu saa za mchana. Nalala bila feni hata mwezi wa Februari. Wageni wangu wa Dar es Salaam hawaamini mpaka walale wenyewe.

Mtaa nao! Siku niliyohamia, mizigo imo mlangoni, bibi wa nyumba ya pili akaleta sahani ya visheti, akauliza mimi ni mtoto wa nani, na kabla ya magharibi akawa ameshapata ujamaa baina yetu. Asubuhi nasikia watoto wa chuo cha Kurani wakisoma. Muuza kahawa anapita anagonga vikombe. Jioni nikitaka urojo nateremka kama nilivyo na buibui langu, nikitaka samaki natembea mpaka soko la Darajani kwa miguu. Kelele zipo, sizifichi. Pikipiki zinapita uchochoroni usiku wa manane, na mwezi wa Ramadhani halali mtu. Anayetaka kimya asije Kiponda. Mimi nimekulia kwenye maghorofa ya Michenzani, na kimya hunitia hofu.

Kwa hiyo habari ya Fuoni naifuta. Nunueni nyumba hizi, hasa nyinyi watoto wa mji huu, kabla zote hazijawa hoteli. Lakini nunueni mvua ikinyesha, siyo kaskazi. Nendeni na fundi wenu wenyewe, asiyejuana na dalali, na mkwaruze ukuta chini karibu na sakafu, palipofichwa na kabati. Mkiona unga mweupe laini, hiyo ni chokaa. Mkiona kijivu kigumu, na kucha inavunjika, tokeni, au mkate bei hiyo hapo. Dalali akikataa msikwaruze, jibu mmelipata.

Juzi nilimwona yule bwana akimwingiza binti na mumewe kwenye nyumba ya uchochoro wa nyuma, kuta nyeupe peee. Nilisimama mlangoni, nikawaambia wakwaruze. Alinitolea maneno siwezi kuyaandika hapa, na safari hii nilimjibu, mbele ya baraza lile lile. Binti akakwaruza.

Nimeshapeleka malalamiko kwa sheha, nadai nusu ya udalali pamoja na gharama ya boriti. Dalali ameitwa, hajatokea. Ataitwa tena, nami nitakwenda tena, na ndugu yangu mwanamume nitamwacha nyumbani.